Mke Mwenza wa Bandani

Nyangi alikuwa na wivu. Tuliseme hili mapema ili mtu asije akadhani tunamsengenya, maana mwenyewe hakulificha hata siku moja. Alipokuwa binti kule Butiama, dada yake alikwenda kusukwa na shoga wa Nyangi bila kumwambia, na Nyangi akanuna tangu palizi mpaka mavuno. Alipoolewa Bweri na Revocatus, fundi wa kuchoma matofali, alibadilisha muuza maziwa mara tatu, kwa sababu wote watatu walikuwa wanawake na wote watatu walijua kucheka. Revocatus ni mtu mpole asiye na makuu. Alisema yeye chai ya rangi inamtosha.

Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Esther. Esther akakua, akaolewa Bunda, akapata mimba, na Nyangi akaanza kujiandaa miezi mitatu kabla. Alisaga ulezi wa uji, akashona vitambaa vya kumfunga mzazi tumbo, akanunua beseni jipya la bluu. Kwao mwanamke akijifungua mara ya kwanza hukandwa na mama yake mzazi, na hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Lakini mtoto alikuja wiki mbili kabla ya siku zake. Nyangi alipofika Bunda na beseni kichwani alimkuta mama mkwe wa Esther, Penina, ameshachemsha maji, ameshamkanda mzazi, na kichanga kimeshaogeshwa na kupakwa mafuta, kimelala kifuani kwake Penina. Penina alimkaribisha kwa uchangamfu, akamwekea kiti. Kiti hicho ndicho kilichommaliza Nyangi. Kuwekewa kiti cha mgeni kwenye uzazi wa mwanawe! Aligeuza siku ile ile, na beseni likarudi Bweri bila kuguswa na maji.

Mwaka huohuo alipata kazi Buhare. Huko, mwisho kabisa wa mji, kwenye mawe makubwa na vichaka, daktari wa mifugo mstaafu aitwaye Felisian alikuwa amejenga mabanda ya senyenge pamoja na wenzake wachache. Walipokea tumbili waliokamatwa kwa watu wanaozunguka nao minadani na stendi, wale wanaomvika mnyama kaptula, wakamfunga kamba kiunoni na kumpigisha saluti mbele ya abiria. Tumbili wa namna hiyo huwezi kumfungulia mlango ukamwambia nenda porini. Hajui chakula cha porini, hajui wenzake, na kibaya zaidi hamwogopi binadamu. Kazi ya Nyangi ilikuwa kukata viazi, kupika uji na kuosha mabanda. Alikwenda na bodaboda asubuhi, akarudi jioni akinuka tumbili.

Namba Saba aliletwa mwezi wa pili, ndani ya ndoo ya rangi iliyotobolewa mfuniko. Wanyama wa pale hawakupewa majina, walipewa namba, lakini stendi ya Bunda walimjua kama Konda, kwa kuwa akimaliza kucheza alizunguka na kofia akikusanya sarafu. Alikuwa jike mdogo, uzito wake haukufika kilo mbili. Mwenye naye alimfunga kamba akiwa kichanga na hakuilegeza alivyokua, mpaka nyama ikaota juu yake. Daktari aliitoa kamba ile kipande kwa kipande huku Nyangi ameshika kichwa cha mnyama kwa viganja viwili. Katika shughuli nzima Saba hakutoa sauti. Daktari alieleza kwamba tumbili ana mlio wake kwa kila adui. Nyoka ana wake, tai ana wake, na chui ana wake, mkali kuliko yote. Saba hakuwa na hata mmoja, maana stendi aliyelia alichapwa.

Mnyama mgeni hutengwa majuma sita kwanza, asiwaambukize wenzake. Sasa tumbili mdogo akiachwa peke yake majuma sita anakufa kwa upweke, dawa au pasipo dawa, kwa hiyo mtu mmoja huruhusiwa kuwa mwili wake wa kulalia. Daktari alimchagua Nyangi. Kesho yake asubuhi Nyangi alishuka kwenye bodaboda na beseni la bluu mapajani. Ndani ya beseni lile alikiosha kidonda cha Saba kila siku kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akamfuta, akamtia ndani ya sweta yake, kichwa kikatokeza shingoni. Saba alilala hapo mchana kutwa ameshika kifungo cha sweta. Nyangi aliviimbia viazi alivyokuwa akikata, aliimba mpaka Debora, msichana mwenzake wa kazi, akauliza kama Esther amejifungua tena. Penina wa Bunda alisahaulika kabisa.

Majuma sita yakaisha, Daktari akawaita Nyangi na Debora akawakumbusha sheria. Saba anaingia bandani kwa wenzake. Kuanzia siku hiyo kila anayekaribia banda atavaa koti la kijivu na kofia, koti lile lile kwa wote, asiongee, asikutane macho na mnyama, aingize chakula kwenye kijimlango na kuondoka. Mnyama asijue chakula kinatoka kwa nani. Kundi hilo lingepelekwa kwenye kilima cha mawe upande wa Mugeta, na wakulima wa huko walikubali kwenye mkutano wa kijiji kwa sharti moja tu, kwamba asije tumbili wa kufuata watu. Atakayesogelea watu atakutana na mbwa au mshale, na hakuna atakayelaumiwa. Saba angepimwa kabla ya safari. Akimkimbia binadamu, anakwenda. Akimfuata, anabaki ndani ya senyenge maisha yake yote, na tumbili huishi miaka ishirini na zaidi.

Nyangi aliitikia, akavaa koti la kijivu, na siku mbili za kwanza hakupata shida, maana Saba alijikunyata peke yake kwenye kona na Nyangi akaona sawa, ananikumbuka. Siku ya tatu akainuka Namba Mbili.

Huyu Mbili alikuwa jike mzee, mkia umekatwa nusu, nyonga ya kushoto imeharibika. Alifanya kazi minadani miaka ambayo hakuna anayejua idadi yake, kisha akakaa Buhare miaka miwili, akawa mkubwa wa kundi. Alichechemea mpaka kwenye kona, akakaa, akamvuta Saba bila kuomba ruhusa na kuanza kumpekua manyoya. Alifika kwenye kovu la kiunoni, lile alilolihangaikia Nyangi majuma sita, akalilamba. Saba akalala chali, akafumba macho. Kesho yake alikuwa ananing'inia tumboni kwa mzee yule kama aliyezaliwa hapo.

Nyangi alikiona kiti cha mgeni. Kilikuwa kimewekwa tena.

Debora, ambaye hakujua anacheza na nini, alimtania kwamba mama Esther amepata mke mwenza. Neno likamwingia Nyangi na likakaa. Tangu hapo viazi vya Mbili vilikatwa vidogo, na kile chenye jicho baya kilijikuta upande wake. Nyangi alimpelekea Daktari taarifa kwamba Mbili ana chawa, kwamba Mbili mchoyo, kwamba Mbili anamfundisha mtoto kukaa ovyo. Nyumbani wakila ugali na sato alimsimanga mpaka samaki akapoa. Mzee mzima, nyonga yenyewe hiyo, anajifanya mzazi, kwani alikuwa wapi mtoto alipokuwa anatoka usaha? Revocatus alisikiliza siku kadhaa, mwishowe akauliza huyo Mbili ni mwanamke wa Bweri au wa Nyasho, na mumewe ni nani. Alipoambiwa ni tumbili alirudi kwenye samaki wake.

Kilichomuuma zaidi si mapenzi ya wale wawili. Kilichomuuma ni kwamba yeye alipita hapo kila siku ndani ya koti la kijivu na Saba hakumtambua. Alipita kama Debora alivyopita. Mtoto aliyelala shingoni pake alimkwepa kama anavyomkwepa mtu yeyote, na Daktari akaandika kwenye daftari kwamba maendeleo ni mazuri.

Jumapili moja Nyangi alitoka kanisani akapitia Buhare. Daktari Jumapili hayupo, Debora alikuwa stoo anachambua mahindi. Nyangi hakuvaa koti. Alikwenda na sare yake ya kwaya, kitenge cha zambarau chenye maua meupe, akasimama penye senyenge na kusema kwa sauti yake mwenyewe, "Saba, njoo kwa mama." Saba aligeuka. Aliacha tumbo la Mbili, akashuka, akaja taratibu, akapitisha vidole kwenye tundu la senyenge na kushika kifungo cha blauzi. Nyangi alimpa ndizi mbivu. Lakini kabla ya kumtazama Saba anavyokula alimtazama Mbili, na tusiwe wanafiki, furaha kubwa ilikuwa hapo. Jumapili ya pili Saba alimwona kwa mbali na kuja mbio.

Jumapili ya tatu ndipo alipoharibu. Alikuwa ameona kwamba Saba akishapewa ndizi huondoka nayo kwenda kuila pembeni ya yule mzee. Basi akajisemea leo haitoki upesi. Ataishika ili mtoto akae naye kidogo. Saba alinyoosha mkono, Nyangi akairudisha ndizi nyuma. Saba akanyoosha tena, Nyangi akairudisha tena, akitabasamu, akimbembeleza asubiri. Saba akarudi hatua mbili. Akasimama kwa miguu miwili, akanyoosha mgongo, akapeleka kiganja kwenye paji la uso. Akapiga saluti. Akazunguka mara moja, akazunguka mara ya pili, kisha akatoa kiganja mbele kikiwa wazi, macho yanatazama chini.

Nyangi alibaki na ndizi mkononi. Alikuwa hajajua afanye nini, na tayari Mbili alikuwa ameshuka kwenye gogo. Alikuja mbio na nyonga yake mbovu, akamsukuma Saba nyuma, akasimama yeye mahali pale pale. Miaka miwili hakuna aliyemwona akifanya hivyo. Alisimama mguu ukimtetemeka, akapiga saluti. Alijaribu kuzunguka akaanguka, akainuka, akaumalizia mzunguko. Kisha akatoa kiganja, na mkono mwingine alimzuia mtoto asipite mbele.

Nyangi hakusoma sana, lakini hilo hakuhitaji kusomewa. Mzee alikuwa anaifanya kazi ya mtoto ili mtoto asiifanye. Na aliyeshika ndizi, aliyesimama mahali pa yule mwanamume wa stendi ya Bunda, alikuwa Nyangi wa kwaya. Alisukumia ndizi ndani, akaenda nyuma ya stoo na kulia akiwa amejiziba mdomo na kitenge. Alisikia aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Katikati ya aibu wivu ulikuwa bado uko palepale, tena umeongezeka, maana alijua kwamba yeye asingewahi kuwaza kufanya alichofanya mzee yule.

Jumatatu alimsubiri Daktari getini. Hakuzungusha maneno.

"Dokta, nimekuharibia kazi. Nilikuwaga nakuja Jumapili, bila koti. Nilikuwaga namwita."

Daktari Felisian alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakumgombeza, na Nyangi angependa zaidi kugombezwa. Alieleza kwa utaratibu kwamba safari itaahirishwa mpaka masika yapite. Mbili alipigishwa saluti na ndizi, na ndizi haitaonekana tena pale. Kwa Saba hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu yeye alikuwa anafuata mtu. Njia ilikuwa moja tu. Kitenge kile na sauti ile alivyovifuata vigeuke kuwa kitu cha kukimbiwa. Ni kazi mbaya, hakuna anayeipenda, na kwa kuwa Nyangi alikuwa na moyo wa mzazi, basi angetoa kitenge tu, Debora akaifanya.

"Debora hapana," Nyangi alisema.

"Mama Esther, hii si adhabu. Nataka kukupunguzia."

"Kitenge ni changu, sauti anayoifuata ni yangu. Kama yule mtoto atamchukia mtu, anichukie mimi. Debora asiguse."

Daktari hakujua kama huo ni ujasiri au ni nini. Sisi tunaomfahamu Nyangi tunajua kilikuwa nini, lakini siku hiyo kilifanya kazi ya ujasiri na hakuna sababu ya kukinyang'anya.

Alhamisi mchana, jua likiwa kali, Nyangi alivaa sare ya kwaya. Alijaza maji kwenye beseni la bluu, akachukua sufuria na mwiko, akaenda mpaka kwenye senyenge na kuita kwa sauti ile ile. Saba akaja mbio. Alikuwa ameshapitisha vidole kwenye tundu maji yalipompiga usoni. Alirudi nyuma, akajikung'uta, akamtazama Nyangi, akafanya jambo alilolijua la kumridhisha binadamu aliyekasirika. Alisimama akapiga saluti. Nyangi alipiga sufuria kwa nguvu zake zote, akafoka kwa Kizanaki maneno ambayo mamake angemchapa kwa kuyasema, akarusha maji mengine. Saba akazunguka mara moja, ameloa chapachapa, bado anacheza. Nyangi alilia huku anapiga sufuria, akaitikisa senyenge kama anataka kuingia kumla. Hapo ndipo Saba alipogeuka. Alikimbilia tumboni kwa Mbili, na Mbili akamfunika kwa mikono yake na kumtolea Nyangi meno yote aliyobakiwa nayo.

Alirudia Ijumaa, akarudia Jumamosi, akarudia wiki iliyofuata. Siku nyingine alivaa koti la kijivu na kukata viazi kama kawaida. Viazi vya Mbili vilirudi kuwa vikubwa, ila mtu asidhani walipatana. Nyangi aliviweka pale bila kumtazama, na nyumbani aliendelea kumsema, ingawa sasa alimsema kwa jina la yule mzee mwenzangu. Jumapili hakuimba kwaya, kwa kuwa hakutaka kukivaa kile kitenge mbele ya Mungu. Revocatus alimchemshia chai ya maziwa bila kuombwa. Maziwa hayo aliyanunua kwa mwanamke, na Nyangi hakuuliza.

Masika yalipoisha walikwenda Mugeta. Vizimba vilipangwa chini ya kilima cha mawe asubuhi, wanakijiji wachache wakasimama mbali na mbwa wao wamefungwa, kuangalia kama walichoahidiwa kwenye mkutano ni kweli. Debora akiwa na koti la kijivu alifungua milango. Wakatoka wanne kwanza, kisha Mbili, na Saba chini ya tumbo lake. Walimpita Debora kwa tahadhari, wakapanda mawe, wakakaa juu kwenye migunga wanatazama. Nyangi aliona mkono wa mzee ukishuka kumweka mtoto sawa, na wivu ukamshika pale pale, mbele ya wanakijiji, mkali kama wa siku ya kwanza.

Kilibaki kipimo cha mwisho. Daktari alimwashiria. Nyangi alishuka kwenye gari amevaa kitenge cha zambarau chenye maua meupe, akatembea peke yake kuelekea kwenye mawe. Mikono ilikuwa mitupu. Alipobakiza hatua kama ishirini alisimama, na kwa sauti aliyoijua Saba tangu siku za sweta akasema, "Saba, njoo kwa mama."

Mtoto alitoka chini ya Mbili. Alipanda kwenye tawi la juu, akakodoa macho, akaonekana kama anayetaka kuteremka. Saba akafungua kinywa. Ulitoka mlio mkali, wa kukatakata, ambao hakuna mtu wa Buhare aliyewahi kuusikia kutoka kwake. Kundi zima liliruka, Mbili akamnyakua mtoto, mawe yakawa matupu. Walisikika mara moja tena upande wa pili wa kilima, halafu kimya. Wanakijiji walitikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja wao akaanza kuwafungua mbwa.

Nyangi alirudi garini taratibu, akipanguza uso kwa upindo wa kitenge. Daktari alikuwa anaandika kwenye daftari. Alimsogezea nafasi, akamwuliza kama yuko salama. Nyangi akauliza lake.

"Umesikia, Dokta? Ule ni mlio wa chui."

"Nimesikia, mama Esther."

Nyangi alimtazama Debora aliyekuwa anafunga vizimba, kisha akalitazama daftari.

"Andika na hili," alisema. "Debora alikuwa karibu kuliko mimi, na Saba hakumlilia."